Gawa kwa 24

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni. Mwenye kipande cha chaki mfukoni asikitupe, tutakihitaji mbele ya safari. Leo nina hadithi ya gari. Gari hili lina milango, lina usukani, lina waipa, lina taa za mbele na mikanda ya viti. Lakini paka akipita karibu, gari ndilo linalompisha paka.

"Mjomba, gari gani hilo linalompisha paka?"

Umeuliza vizuri, na umeuliza mapema. Ni gari la kuunda kwa mkono. Linakuja ndani ya boksi, limelala vipande vipande, na mwenye boksi ndiye fundi wake. Fungua kifuniko taratibu. Sikiliza.

"Hodi, hodi," linasema gari. "Mimi ni Datsun 240Z. Usinitafute nikiwa mzima, bado. Boneti yangu ile pale. Viti vyangu vile kule. Rimu zangu zimening'inia kwenye kijiti cha plastiki. Vioo vyangu vimefungwa kwenye mfuko wa peke yake visije vikakwaruzwa. Kaka yangu mkubwa ana urefu wa zaidi ya mita nne. Mimi nina sentimita 17 tu. Lakini sura yetu ni moja. Tumefanana mpaka kitasa cha mlango."

"Na huyo kaka mkubwa ni nani, Mjomba?"

Huyo ana sifa zake. Kaka mkubwa alitoka Japani akaja kwetu Afrika Mashariki kushindana. Wazee wenu wanayakumbuka mashindano yale: Safari Rally. Yalianza mwaka 1953, mwaka ambao Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alivikwa taji. Uhuru ukaja, mbio zikabaki, na zikazidi kupendwa. Miaka hiyo zilikuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Hazikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Zilikuwa barabara za vumbi, matope ya masika, mito iliyofurika, na ng'ombe anayevuka kwa wakati wake. Barabara hazikufungwa. Ukitoka kwenye kona unaweza kukutana na basi.

Pasaka ya mwaka 1971, Datsun 240Z ilishika nafasi ya kwanza. Dereva alikuwa Edgar Herrmann, na msaidizi wake kitini alikuwa Hans Schüller. Nafasi ya pili nayo ikaenda kwa 240Z, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mlikumbuke jina hilo. Mehta alishinda Safari mara tano: 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo!

Gari la Herrmann lilikuwa jekundu, na mlangoni lilikuwa na namba 11. Boneti yake ilipakwa nyeusi, tena nyeusi isiyong'aa. Mbona isiyong'aa? Kwa sababu boneti inayong'aa hulirudisha jua machoni mwa dereva. Basi ndugu yake mdogo anayeundwa mezani naye anataka boneti nyeusi isiyong'aa. Ukimpaka ya kung'aa, atakuwa amevaa nguo za mtu mwingine.

Huyu mdogo anatengenezwa na kampuni ya Hasegawa. Hasegawa ni ya mkoa wa Shizuoka, Japani, na huko ndiko nyumbani kwa magari haya. Tamiya iko huko. Aoshima iko huko. Fujimi iko huko. Kila mwaka, mwezi wa Mei, Shizuoka hufanya maonyesho makubwa ya vitu vya kuunda, na watu wazima kutoka nchi nyingi husafiri kwenda kutazama magari yanayoenea mkononi.

"Watu wazima, Mjomba?"

Watu wazima, wenye ndevu na miwani. Na wala hawayasukumi sakafuni. Wanayaunda, wanayapaka rangi, wanayaweka kabatini, kisha wanaanza jingine. Raha yao iko katika kuunda.

Sasa niulizeni lile swali kubwa.

"Mjomba, wanajuaje udogo wake?"

Hilo ni swali la fundi! Shikeni jibu lake, maana leo tutalirudia mpaka usingizi uwajie. Jibu ni hili: gawa kwa 24.

Kaka mkubwa ana urefu wa milimita 4,115. Gawa kwa 24. Unapata 171. Upana wake ni milimita 1,630. Gawa kwa 24. Unapata 68. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 2,305. Gawa kwa 24. Unapata 96. Kila kitu kinagawanywa kwa namba ile ile, bila upendeleo. Ukigawa urefu kwa 24 na kimo kwa 20, gari linavimba. Ukigawa bodi kwa 24 na matairi kwa 18, gari linavaa viatu vya baba. Ndiyo maana gari la kuchezea la dukani, lile la bei nafuu, huwa na sura ya ajabu. Hakuna aliyejisumbua kugawa sawasawa.

"Mbona 24? Mbona si 10? Kumi ni rahisi."

Kumi ni rahisi kwa anayepima kwa mita. Lakini namba hii ilitoka kwa watu waliopima kwa futi na inchi. Futi moja ina inchi 12. Mafundi walikubaliana hivi: kila futi ya gari kubwa iwe nusu inchi ya gari dogo. Hesabu nusu inchi zilizomo ndani ya futi moja. Ziko 24. Wamarekani wengi wakachagua 25. Kampuni ya AMT ya huko ilikuwa ikitengeneza magari madogo ya plastiki kwa ajili ya maduka ya kuuza magari, wateja waone sura ya gari jipya. Mwaka 1958 ikaanza kuuza maboksi ya kuunda mwenyewe, na yenyewe ilishika 25. Ukiyaweka la 24 na la 25 kando kwa kando, wengi hawaoni tofauti. Fundi anaiona.

Hebu niwatege. Tunahitaji magari madogo mangapi kujaza nafasi ya gari kubwa moja?

"Ishirini na nne!"

Nilijua mtasema hivyo, na ni kosa zuri, maana linatupeleka mahali pazuri. Egesha magari madogo 24 kwa mstari mmoja: umepata urefu wa gari kubwa. Lakini upana je? Unahitaji mistari 24. Hapo una magari 576, na yametandazwa chini tu, hayajapanda juu. Kimo je? Unahitaji ghorofa 24 za magari 576. Zidisha. Jibu ni 13,824.

Magari 13,824 kwa nafasi ya gari moja! Kwa hiyo gari la kilo 1,000, likipunguzwa pande zote tatu bila kubadilishiwa chuma chake, lingebaki na gramu 72 hivi. Andikeni hesabu hiyo kwenye daftari mkamwoneshe mwalimu kesho.

Sasa nawasimulia kisa cha mlango wa boksi.

Siku moja Namba 24 aliketi mlangoni pa boksi na msumeno wake. Akatangaza: "Anayetaka kuingia kwenye gari dogo, apite kwangu nimgawe." Wakaja wote. Likaja tairi, kimo chake sentimita 62 hivi. Likagawanywa, likapita na milimita 26. Ukaja usukani, ukapita. Vikaja viti, vikapita. Zikaja taa, zikapita.

Mara akaja Rangi.

"Gawanyika," akasema Namba 24.

"Sigawanyiki," akasema Rangi. "Mimi ni tone. Kwenye gari kubwa ni tone, kwenye gari dogo ni tone."

Nyuma ya Rangi akaja Vumbi. "Na mimi sigawanyiki," akasema. "Chembe yangu ni ile ile, kwa tajiri na kwa maskini."

Nyuma ya Vumbi ikaja Plastiki. "Mimi nikiwa nyembamba sana navunjika," ikasema. "Niacheni na unene wangu."

Mwisho akaja Kidole. Kidole hakusema kitu. Alijaribu kuingia mlangoni akakwama.

Wapwa zangu, kazi yote ya fundi wa magari madogo iko kwa hawa wanne: Rangi, Vumbi, Plastiki na Kidole. Wenzao wamekwisha kugawanywa kiwandani. Hawa wamekataa, na wewe ndiye wa kuwabembeleza.

Tuanze na Rangi, maana ndiye mkorofi kuliko wote.

Rangi ya gari la kweli, tabaka zote pamoja, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiweka unene huo huo kwenye gari dogo, nini kinatokea? Zidisha kwa 24. Ni sawa na kulipaka gari kubwa rangi ya unene wa milimita 2.4! Mistari ya milango inajaa. Kitasa kinazama. Gari linaonekana limechovywa kwenye uji.

"Sasa tufanyeje, Mjomba?"

Kidogo kidogo. Kwanza osha vipande kwa maji na sabuni ya vyombo, maana kiwandani huwa vinapakwa mafuta ili vitoke kwenye kalibu, na rangi haipendi mafuta. Viache vikauke. Kisha piga praima, ile rangi ya kwanza ya kijivu au nyeupe inayoshika plastiki. Ikikauka, pitisha msasa laini, namba 1000 au 2000, ukiwa umelowa maji. Usisugue kwa hasira. Pitisha tu.

Ndipo uje kwenye nyekundu. Ukitumia kopo la kupuliza, shika umbali wa sentimita 20 hivi, anza kupuliza kabla hujalifikia gari, na usiache mpaka uwe umelipita. Tabaka la kwanza lisiifunike praima yote. Utaona praima inachungulia. Iache ichungulie. Subiri. Tabaka la pili, bado inachungulia kidogo. Iache. Subiri. La tatu, imejificha. Wengi tunaharibu kazi kwa sababu hatuvumilii kule kuchungulia. Tunataka nyekundu yote leo, dakika hii. Rangi inatiririka mlangoni, inaganda, na sasa tuna msasa wa siku mbili.

Na rangi ya kopo muipulize nje, penye upepo mwanana, mkiwa mmevaa barakoa. Mvuke wake si wa kuvuta. Hili si ombi.

Vumbi je? Chembe ya vumbi ya nusu milimita, zidisha kwa 24, ni kokoto ya milimita 12. Fikirini kokoto ya milimita 12 imegandia kwenye boneti ya gari la baba! Nani angekubali? Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi, nyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Ukimaliza, funika gari kwa boksi safi mpaka likauke. Usichungulie. Najua mkono unawasha. Usichungulie.

Plastiki je? Bodi ya gari dogo ina unene wa kama milimita moja. Zidisha kwa 24. Ni ukuta wa milimita 24! Lakini bati la mlango wa gari la kweli halifiki hata milimita moja. Utafanyaje? Huwezi kulikondesha gari zima. Fundi hufanya ujanja. Anachukua kisu na kupunguza kingo tu, kwa upande wa ndani, pale juu ya matairi, mahali ambapo jicho huona unene. Kingo zikiwa nyembamba, jicho linaamini kwamba bodi nzima ni nyembamba. Kisu hicho kinakata nyama upesi kuliko plastiki, basi kazi hiyo aifanye mtu mzima, au uifanye akiwa amekaa kando yako, na makali yaelekee mbali na wewe.

Na Kidole? Kidole chako kina upana wa kama sentimita moja na nusu. Zidisha kwa 24. Kwa dereva wa gari hili, ni kitu cha upana wa sentimita 36 kinachoingia dirishani. Kwa hiyo tunamwacha Kidole nje na kutumia kibano, vijiti vya meno, na subira.

"Mjomba, na gundi? Tunatumia ipi?"

Nilikuwa nasubiri swali hilo. Mmewahi kumwona mfinyanzi akibandika mkono kwenye chungu? Hatafuti gundi. Analowesha udongo wa chungu, analowesha udongo wa mkono, anakwaruza kidogo, anakandamiza. Ukikauka, hakuna tena udongo wa huku na udongo wa kule. Gundi ya plastiki inafanya hivyo hivyo. Inayeyusha ngozi ya kipande hiki na ngozi ya kipande kile, zinachanganyika, kisha yenyewe inapaa hewani. Kinachobaki ni plastiki moja.

Uzuri wake huo. Na hatari yake hiyo hiyo. Ukishika bodi kwa kidole chenye gundi, alama ya kidole chako itachapwa pale, na kuiondoa ni kazi ya msasa.

Kuna gundi nyingine, ile ya dukani inayokausha haraka na kubana vidole. Hiyo msiisogeze karibu na vioo. Inapokauka inatoa mvuke, mvuke unatua kwenye plastiki inayopenya mwanga, na kioo kinapata ukungu mweupe usiofutika. Dereva wetu atapitaje kona za Safari kwa kioo chenye ukungu? Kwenye vioo na taa tumia gundi nyeupe ya mbao. Mnaona ni nyeupe mnapoipaka, mnaogopa. Msiogope. Ikikauka inakuwa angavu.

Sasa tuweke namba 11 mlangoni. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, basi niacheni niende polepole.

Namba haipakwi kwa brashi. Imechapwa kwenye ngozi nyembamba mno, na ngozi hiyo imelala juu ya karatasi. Kata karatasi kuizunguka namba. Itie kwenye kisahani cha maji ya uvuguvugu, hesabu mpaka 20, itoe, uiweke kwenye kitambaa. Usiivute. Maji bado yanafanya kazi kule chini. Baada ya kitambo, iguse kwa kijiti cha meno. Kama haisogei, ngoja. Ikisogea, iko tayari. Weka tone la maji mlangoni, sogeza karatasi ikaribie, kisha itelezeshe namba kutoka kwenye karatasi hadi mlangoni. Itaelea juu ya lile tone. Hapo una nafasi ya kuinyoosha. Juu kidogo. Kushoto kidogo. Je, moja ya kwanza imesimama wima? Rudi nyuma utazame. Sawa. Sasa nyonya maji kwa ncha ya kitambaa, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa isibaki chini yake.

Angalieni mlango. Dakika moja iliyopita lilikuwa gari jekundu. Sasa ni gari la Herrmann.

"Mjomba, limekwisha?"

Wengine husema limekwisha. Wengine ndio kwanza wanaanza. Hapa ndipo fundi anapojiuliza: kaka mkubwa ana nini ambacho mdogo hana?

Ana nyaya. Injini ya 240Z ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kila silinda ina plagi yake, na kila plagi ina waya unaoiletea umeme kutoka distribyuta. Hizo ni nyaya sita. Ya saba inatoka kwenye koili kwenda distribyuta. Maboksi mengi hayaleti nyaya hizo, na mengine hayaleti injini kabisa. Kama lako lina injini, zitengeneze. Waya wa plagi una unene wa kama milimita 7. Semeni wote.

"Gawa kwa 24!"

Ni milimita 0.3, kasoro kidogo. Utaupata wapi waya wa milimita 0.3? Fungua mota ndogo iliyokufa, ya toi au ya feni ndogo. Ndani mna waya wa shaba, mwembamba, umezungushwa mara nyingi sana. Hapo una nyaya za kutosha magari yote ya mtaani kwenu.

Ana mikanda. Mkanda wa gari la mashindano ni mpana, kama milimita 50 au 75. Ukiugawa unakuwa milimita 2 au 3. Kata utepe wa karatasi ya gundi kwa upana huo, upake rangi, uulaze kitini. Usiulaze ukiwa umenyooka sana. Mkanda wa kweli una uzito, unajikunja pale kiti kinapojikunja. Angalia mkanda wa gari lolote utakalopanda wiki hii, uone unavyolala mtu akishuka.

Na ana matope. Ninyi mnalijua jambo hili kuliko mtoto wa mji wenye lami kila mahali. Gari la Safari Rally lililo safi kila upande ni gari ambalo bado halijaanza safari.

"Basi tulichovye matopeni!"

Ngoja kwanza. Mmemsahau Vumbi aliyekataa kugawanywa? Punje ya mchanga ya milimita moja, kwenye gari hili ni jiwe la milimita 24. Ukitumia matope ya uani, utakuwa umelirushia gari la Herrmann mawe. Toeni sasa ile chaki. Chaki ya kahawia, ya machungwa na nyeupe kidogo. Ikwangueni kwa kisu juu ya karatasi mpaka iwe unga. Upitisheni kwenye kitambaa chepesi. Kinachopita ndicho vumbi letu. Changanyeni rangi polepole mpaka mpate ile nyekundu ya udongo wa bara, ile inayobaki kwenye soksi hata baada ya kufuliwa.

Lakini lipakwe wapi? Hapa hesabu haisaidii. Hapa pana dawa moja tu, kutazama. Nendeni stendi na mtu mzima, siku ya mvua, mkasimame mbali kidogo na basi lililotoka shamba. Tazameni. Matope hayakutapakaa sawasawa. Nyuma ya kila tairi ni mazito. Chini ya milango ni mazito, na kadiri unavyopanda juu yanapungua. Nyuma ya basi pamefunikwa kabisa, maana upepo unazunguka pale na kulitua vumbi. Na kioo cha mbele? Tazameni vizuri kioo cha mbele. Pana nusu duara mbili safi, mahali waipa zilipopita, na nje ya nusu duara hizo pana udongo. Mkizifanya nusu duara hizo kwenye gari lenu dogo, kila atakayeliona atajua kwamba dereva alikuwa ndani, mvua ilikuwa inanyesha, na waipa zilikuwa zinafanya kazi. Hamkuweka dereva. Lakini watamwona.

Napenda sana hilo, wapwa zangu. Unga wa chaki unaweza kumkalisha mtu ndani ya gari.

"Mjomba, lakini sisi hatuna boksi la Japani."

Najua. Boksi hilo lina bei, na maduka yanayoliuza kwetu si mengi. Lakini nisikilizeni. Tamiya, ile kampuni kubwa ya Shizuoka, ilianza mwaka 1946 ikiwa ya kupasua mbao. Vitu vyake vya kwanza vya kuunda vilikuwa vya mbao, na plastiki ilikuja baadaye, mwaka 1960, kwa meli ya vita. Walianza na kilichokuwa mkononi. Na ninyi mikono yenu haiko mitupu. Nimewaona mkitengeneza malori ya waya, mabasi ya maboksi, matairi ya kandambili zilizokatika. Kinachokosekana kwenye lori lenu ni kitu kimoja tu, na hicho hakiuzwi. Ni kupima kwa futi kamba na kugawa kwa 24.

Kwa hiyo kesho tuanze na bajaji. Chagueni ile inayoegeshwa pale kwenye kona kila mchana. Mwamkieni dereva, mwombeni ruhusa, mkimaliza mshukuruni. Mmoja ashike futi kamba, mmoja aandike. Urefu, upana, kimo. Kimo cha tairi. Kutoka tairi la mbele hadi ekseli ya nyuma. Upana wa kioo. Mkikuta urefu ni sentimita 264, mnajua la kufanya, na mtapata sentimita 11 kamili. Chukueni karatasi ngumu ya boksi la viatu, mchore kwa rula, mkate. Turubai litoke kwenye kitambaa chembamba kabisa, maana kitambaa nacho ni katika wale wanaokataa kugawanywa.

"Na dereva naye tumgawe kwa 24?"

Naye. Mtu wa sentimita 168 anakuwa sentimita 7. Lakini msimpime akiwa amesimama. Mpimeni akiwa amekaa kitini na mikono imeshika usukani, maana hivyo ndivyo atakavyokaa ndani ya gari lenu.